Albamu ya Kwanza ya Queen Isikilizwe Upya

Albamu ya kwanza ya bendi ya Uingereza ya Queen, iliyotolewa Julai 1973, imefunikwa na sifa za kazi zilizoifuata, ingawa ndani yake tayari mna roki nzito yenye mahadhi, yaani muziki unaokutanisha ngurumo ya gitaa la umeme na sauti za waimbaji zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Ilirekodiwa katika studio ya Trident, London, hasa saa ambazo haikuwa na wateja wa kulipa, na ngoma zake, ni kweli, zinasikika kavu; lakini katika “My Fairy King” piano ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi hiyo na mzaliwa wa Unguja, inabadili mwendo ghafla na kuuburura wimbo mzima nyuma yake, ufundi ambao Uingereza ilichelewa kuuthamini. Wapenzi wa muziki wanaomjua Mercury kwa nyimbo za baadaye tu, waanzie hapa.