Mwekezaji wa Kwanza wa Pemba Ni Mkulima

Kila linapoandaliwa kongamano la uwekezaji kuhusu kisiwa cha Pemba, vipeperushi hurudia maneno yaleyale: kisiwa cha kijani, ardhi yenye rutuba, fukwe zisizoguswa, misamaha ya kodi. Sina ugomvi na sifa hizo. Waarabu walikiita Al-Jazira al-Khadra, yaani Kisiwa cha Kijani, muda mrefu kabla ya zama za vipeperushi. Ugomvi wangu ni na dhana iliyojificha nyuma ya sifa, kwamba Pemba ni nyumba isiyo na mwenyewe, inayosubiri mtaji kutoka ng'ambo.

Mtaji upo Pemba tangu zamani, nao umepandwa ardhini. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ilinusurika, na tangu hapo ndiyo inayotoa sehemu kubwa zaidi ya karafuu za Zanzibar. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa, kisha ukitunzwa huendelea kuzaa kwa miongo mingi. Mkulima anayepanda mche leo anaweka akiba ambayo pengine mavuno yake bora yatachumwa na mwanawe. Anapalilia, anakodi wachumaji wanaolipwa kwa pishi, anaanika juani na kuomba mvua isinyeshe. Ni mwekezaji gani wa kigeni aliye tayari kusubiri kiasi hicho bila kudai dhamana ya Serikali?

Mwekezaji huyu mzawa ana mnunuzi mmoja tu anayetambuliwa na sheria, yaani Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), lililoanzishwa mwaka 1968. Kwa miaka mingi alipewa sehemu ndogo ya bei ya soko la dunia, na jibu lake lilikuwa magendo. Vyombo vilivuka usiku kuelekea Kenya, huku mikarafuu mikongwe ikifa bila kupandwa mingine. Mwaka 2011 Serikali ilibadili mwelekeo. Iliahidi kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje, na katika msimu huo bei ya kilo ikapanda hadi Shilingi 15,000. Sera hiyo moja ilifanya kazi ambayo doria za miaka mingi zilishindwa kuifanya. Naitaja kwa sababu watumishi wa umma wanaosoma safu hii huambiwa mara nyingi kwamba wananchi ni wagumu kubadilika. Wapemba walibadilika mara tu bei ilipobadilika.

Hata hivyo, mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza darasani: asilimia 80 ya kiasi gani? Swali lake lilikuwa la msingi kuliko mhadhara wangu wa siku ile. Karafuu zetu huuzwa India, Singapore na nchi za Ghuba. Mkulima wa Konde au Kengeja asipojua zimeuzwa kwa bei gani huko, asilimia hiyo kwake ni jambo la imani tu, hawezi kuipigia hesabu.

Wapo wanaosema dawa ni kulifungua soko kesho asubuhi. Mimi si mmoja wao. Indonesia ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na wakati huohuo ndiyo mtumiaji mkubwa, kwa kuwa karafuu huchanganywa na tumbaku katika sigara zake za kretek. Ilipoanza kujitosheleza kwa karafuu zake yenyewe, katika miaka ya 1980, bei ya dunia iliporomoka. Mkulima mwenye eka tatu hawezi kuubeba mtikisiko wa namna hiyo peke yake. Mnunuzi wa umma anayemhakikishia bei ana thamani kubwa, lakini mnunuzi huyo naye anawajibika kwa umma. Ningependa katika kila kituo cha ununuzi, kando ya bei ya kununulia, ibandikwe bei iliyopatikana katika mzigo wa mwisho uliosafirishwa, tani zake na sarafu iliyotumika. Gharama yake ni karatasi na gundi.

Fursa za viwanda nazo zipo, tena hazihitaji ndoto kubwa. Vikonyo, ambavyo wachambuaji huvitenga na karafuu yenyewe, hutolewa mafuta katika kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake. Mafuta ya karafuu yana soko katika manukato, sabuni na dawa za meno. Kisingizio cha umeme nacho kimepungua nguvu tangu mwaka 2010, ulipolazwa waya chini ya bahari kutoka Tanga kwa msaada wa Norway, na Pemba ikaacha kutegemea majenereta ya Wesha. Mwani, unaolimwa zaidi na wanawake, una hadithi inayofanana: aina ya spinosum huuzwa kwa bei ya chini, na aina ya cottonii yenye bei nzuri hufa maji ya kina kifupi yanapopata joto. Mtaji wa kuwapeleka akina mama hao kwenye maji yenye kina zaidi, kwa boti na vifaa, ungekuwa uwekezaji wa maana kuliko hoteli nyingine ufukweni.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni ardhi. Kwa Sheria ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya Rais. Lakini miti ni habari nyingine, kwani kwa desturi ya visiwani mtu anaweza kumiliki mkarafuu au mnazi uliosimama kwenye ardhi isiyo yake, na warithi wake wakagawana miti hiyo. Hata uwanda wa maweni ulioko upande wa Micheweni, ulikotengwa eneo huru la uchumi, unaonekana mtupu machoni mwa mgeni tu. Wenyeji wanakata kuni humo, wanachunga mbuzi na kulima mtama baina ya mawe.

Kwa hiyo, kabla ya mkataba wowote kutiwa saini, maofisa waende na sheha wa eneo husika, wahesabu miti, waandike majina ya wenye miti na ya wanaoutumia uwanda, wanawake wakiwemo. Orodha hiyo ikamilike kabla ya ramani ya mwekezaji kuchorwa, na nakala yake moja ibaki mikononi mwa sheha.