Barua ya Shamba Mbele ya Chungu



Wako miongoni mwenu wanaotaka ukurasa wa mapishi utiwe vipimo tu: vikombe vya unga, vijiko vya iliki, dakika za moto, basi. Hoja yao ina uzito, kwani aliye na sufuria motoni hana wasaa wa hadithi. Hata hivyo twapenda leo tuwaeleze habari za jarida moja la Marekani lililosifika kwa vipimo vyake, na ambalo kila toleo lake lilifunguliwa kwa ukurasa usio na pishi hata moja.

Jarida hilo ni Cook's Illustrated, lililoanzishwa mwaka 1993 na Christopher Kimball, karibu na mji wa Boston. Lilitoka mara 6 kwa mwaka. Halikupokea tangazo la biashara hata moja, na michoro yake ya ndani ilikuwa nyeusi na nyeupe. Pishi moja lilirudiwa jikoni mara nyingi, likipunguzwa hiki na kuongezwa kile, mpaka wapishi wake wakaridhika. Ukiyasoma maelezo yake wadhani umeingia maabara. Lakini mbele ya hayo yote palikaa barua ya mhariri, na barua hiyo aghalabu haikutaja keki wala mchuzi. Ilitaja jimbo la Vermont: jirani na gari lake lililochakaa, majani ya mifugo yanayokatwa na kufungwa kabla mvua haijashuka, ng'ombe, msimu wa kuwinda kulungu, na kibanda cha kuchemshia utomvu wa mti uitwao mepo.

Utomvu huo hupatikana mwishoni mwa majira ya baridi, siku ambazo usiku maji huganda na mchana huyeyuka. Mti hutobolewa, utomvu ukadondoka ndani ya chombo, nao ni mwepesi kama maji. Takriban lita 40 huchemshwa hata ibaki lita 1 ya asali yake. Mwanamke wa Pwani aliyekaa juu ya mbuzi akakuna nazi, akaikamua kwa kifumbu, na mwisho akatazama kile kikombe kimoja cha tui zito alichokipata, hahitaji kufafanuliwa kwa nini watu wa Vermont huisimulia kazi hiyo kwa fahari. (Mapishi kadhaa ya jarida lile yalikuwa na nyama ya nguruwe na mvinyo. Hayo twayapita. Barua ya mhariri hailiwi.)

Basi ni kitu gani kilichowavuta watu kusoma habari za majani ya ng'ombe ilhali walinunua jarida kwa ajili ya mkate? Sisi twaona jambo hili laeleweka kwetu kuliko linavyoeleweka kwingine. Mgeni wetu hasukumwi moja kwa moja kwenye sinia. Huamkiwa, huulizwa hali ya wazee na watoto, huulizwa kama mvua imenyesha huko atokako, kisha hunawishwa mikono. Barua ile ilikuwa ndiyo maamkizi. Tena jarida lisilo na matangazo huishi kwa ada ya msomaji peke yake, na msomaji hatoi fedha yake mwaka baada ya mwaka kwa mtu asiyemjua. Aliyekusimulia habari za jirani zake kwa muda mrefu huna haja ya kumuuliza kama alikionja alichokipika. Kimball alipoondoka mwaka 2015 barua zake zilikoma katika jarida lile, ilhali vipimo viliendelea.

Hatusemi kwamba barua hizo hazikuwa na dosari. Mwandishi wake aliijua Vermont tangu likizo za utotoni, lakini biashara yake ilikuwa mjini. Kijiji kikiandikwa na mtu wa mjini kwa ajili ya watu wa mjini, matope hupungua na machweo huongezeka. Katikati ya karne iliyopita Vermont ilikuwa na mashamba ya ng'ombe wa maziwa zaidi ya 10,000. Leo hayafiki 1,000. Ukurasa mtamu waweza kumliwaza msomaji kitini mwake wakati mwenye ng'ombe anauza zizi.

Na hapo ndipo habari hii inapotugusa. Ukurasa wetu umesifu wali wa nazi mara ngapi? Tui la kopo limejaa madukani, na wengi wetu tulioko Mombasa hatuwezi kuutaja mnazi hata mmoja uliotulisha mwezi huu. Huko Kwale na Kilifi minazi mingi imezeeka, mashamba yakatwa viwanja, na vijana hawaoni sababu ya kujifunza ukwezi. Bibi ajuaye ni embe ipi ya achari na ipi ya kuachwa iive, na ni mwezi gani, ujuzi wake haumo ndani ya kijiko wala kikombe. Vipimo vyake tukiviandika bila shamba lake, tutakuwa tumeandika nusu. Na tukiliandika shamba kwa sifa tupu, bila kusema linauzwa, tutakuwa tumefanya kosa lile lile la Vermont.

Kwa hivyo, kuanzia toleo lijalo, kila atakayetuletea pishi twamuomba aongeze mistari michache. Alifundishwa na nani, katika shamba la wapi? Shamba hilo lingalipo? Nani hukwea minazi yake sasa, naye ana umri gani? Wenye haraka wataviona vipimo chini ya ukurasa, katika kisanduku chao, wala hatutawalazimisha kusoma ya juu yake. Na ikiwa mwaijua bei aliyolipwa mwenye shamba kwa nazi moja, tuandikieni hiyo pia, nasi tutaichapa kando ya bei mliyoinunulia sokoni.

Wabillahi tawfiq.