Kilo za Shujaa

Kwenye semina moja mwaka jana nilisema nataka kuandika kuhusu kitabu cha rejea cha Marvel, darasa likacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa kile cha watu waliokwisha kukubaliana kabla hujafungua mdomo. Mwenzangu mmoja akasema hiyo si fasihi, ni orodha ya stoo. Nimelibeba neno hilo mpaka Matambarale, kwa mjomba wangu, na huku ndiko nilikopata la kumjibu.

Kitabu chenyewe ni *The Official Handbook of the Marvel Universe*. Kilianza kutoka 1983 chini ya mhariri Mark Gruenwald, kikaenda matoleo 15. Hakina hadithi hata moja. Kila mhusika ana nafasi yake kwa alfabeti: jina halisi, kazi, alikozaliwa, ndugu zake, urefu, uzito, rangi ya macho, nguvu zake na mwisho wa nguvu hizo. Storm, mwanamke anayeiamrisha mvua, ambaye mwaka 1975 wasomaji walimkuta Kenya akiabudiwa kama mungu, humo ana futi 5 na inchi 11, pauni 127. Yaani kilo 58 hivi. Mungu wa mvua, kilo 58, na ukimfungia mahali pembamba anapagawa kwa hofu. Nilipojua hayo ndipo nikaanza kumpenda.

Nakala yangu ni toleo la 13, niliyoikuta kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa chini Dar es Salaam, jalada limekunjamana. Toleo hilo na la 14 yalitengwa kwa waliokufa na walioacha kazi. Humo yumo Captain Mar-Vell, shujaa ambaye Jim Starlin alimuua mwaka 1982 kwa kansa, kitandani, wenzake wote wenye nguvu wamemzunguka na hakuna aliyeweza kufanya kitu. Kitabu hakimlilii. Kinaandika alitoka wapi, alifanya nini, alikufaje. Mimi nimesoma tanzia nyingi za Kiswahili zenye pengo lisilozibika ambazo ukizimaliza hujui marehemu alikuwa anafanya kazi gani.

Mjomba ni karani wa chama cha msingi. Msimu wa korosho anakaa pembeni ya mizani na kuandika: jina, gunia, kilo, daraja. Alikifungua kile kitabu bila kujua hata mmoja kati ya wale watu wenye vinyago usoni, akapitisha kidole kwenye safu ya urefu na uzito, akaniuliza, "Mjomba, hawa wote waliwapima?" Nikamwambia hawa ni watu wa kubuni. Akatikisa kichwa. "Basi aliyeandika hiki ni karani hasa. Mtu hayupo, na kilo zake zipo."

Hilo ndilo ambalo semina nzima haikuliona. Mtu anayemwandikia asiyekuwepo kilo zake amemheshimu kuliko anayemwita shujaa mara kumi.

Sisi tuliosoma tunapenda sana kulalamika kuhusu Wakanda. Tumeandika insha, tumebishana mpaka usiku kama ni Afrika ya kweli au ni Afrika ya New York. Nchi ile ilibuniwa 1966 na Stan Lee na Jack Kirby, na leo tunajua urefu wa T'Challa, baba yake ni nani na nani alimuua baba huyo. Sasa jaribu kuuliza darasani kwetu Madenge alitokea mara ya kwanza katika toleo gani la *Sani*. Au Lodi Lofa. Philip Ndunguru aliyewachora alifariki 1986, na wahusika wake wamelea kizazi kizima cha wasomaji wa Kiswahili, halafu majarida yenyewe yamefungia maandazi. Tunadai mashujaa wetu waonekane, lakini kazi ya kuwaorodhesha tunaiona ya watu wa chini. Kila mtu anataka kuwa mtunzi. Karani hatakiwi na mtu.

Wapo watakaosema orodha ni chombo cha mkoloni, kwamba Mjerumani ndiye aliyekuja na daftari la kodi. Kweli alikuja nalo. Lakini mnunuzi wa korosho naye ana daftari, na mkulima wa Ruangwa hajawahi kuona kwamba dawa yake ni kuchana stakabadhi yake mwenyewe. Anaikunja, anaiweka sandukuni, ili siku ya malipo aseme: mimi nina hizi.

Na tuliwahi kuwa nao makarani. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, nani alipita na maji, nani alinyongwa. Mwaka uliofuata ikatoka tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*. Tamthilia tumeifanyia mitihani, na inastahili. Ile kazi ya wanafunzi, waliokuwa na umri kama wangu, wenzangu wengi hawajawahi kuisikia.

Nayasema haya kwa ukali kwa sababu mimi ni mkosaji wa kwanza. Wamwera walikuwemo katika vita vile. Babu yangu alikuwa na majina matatu ya watu wa ukoo wetu walioondoka hapa kwenda kupigana, kila mmoja na jina la mama yake, na alinisimulia zaidi ya mara moja, mimi nikiwa nimeinamia simu. Amefariki. Nimebaki na jina moja. Najua T'Challa ana pauni 200.

Wiki iliyopita mjomba alitoa daftari la msimu uliopita, lenye kurasa tupu nyuma. Tumechora safu. Tumeandika jina hilo moja, na mama yake, ambaye mjomba alimkumbuka baada ya kwenda kumuuliza bibi mmoja jirani. Alikokwenda: kwa Wamatumbi, anasema bibi. Silaha: mkuki. Nguvu: maji. Kwenye safu ya mwisho wa nguvu hizo mjomba alisita, akaniangalia, kisha akaandika kwa mwandiko wake wa stoo: risasi.

Kilo bado. Kesho tunakwenda tena kwa bibi, kumuuliza kama alikuwa mnene.