KISHIKWAMBI HAKIWEZI KUWA MWALIMU

Kumezuka nchini kasumba ambayo haina budi kupigwa vita. Ni kasumba ya kudhani kwamba shule iliyopewa mashine imekwisha kupewa elimu. Vifaa hukabidhiwa, hotuba husomwa, picha hupigwa, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha.

Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baada ya sensa hiyo. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwani mali ya umma ilihamishwa kutoka kazi moja ya Taifa kwenda nyingine badala ya kuachwa ghalani. Lakini kugawa ni mwanzo tu. Kwa mwalimu wa Litumbandyosi, wilayani Mbinga, maswali yenyewe huanza siku ya pili yake. Kifaa kitachajiwa wapi? Kifurushi cha intaneti kitalipwa na nani? Somo lililomo ndani yake limetungwa kwa ajili ya mtoto gani? Ikiwa mwalimu atalipia intaneti kutoka mshahara wake, basi mzigo wa umma utakuwa umetuliwa kimyakimya juu ya mabega ya mtumishi mmoja.

Wapo wanaobeza wakisema kwamba vijiji havijawa tayari kwa mambo haya. Hoja hiyo ni ya kupuuzwa. Njia kuu ya umeme kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika mwaka 2018. Makaa ya mawe ya Ngaka, yanayochimbwa katika wilaya hiyo hiyo ya Mbinga, husombwa kwa malori kwenda kuwasha tanuri za viwanda vya saruji vya mbali. Wilaya inayotoa nishati kwa wengine haiwezi kuambiwa kwamba watoto wake wasubiri. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na Taifa likachelewa. Kuiogopa mashine lilikuwa kosa.

Kuiabudu, hata hivyo, ni kosa kubwa zaidi, na historia ya nchi hii inatosha kuwa ushahidi. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walijifunza kwa njia ya redio. Je, ni redio peke yake iliyowafundisha? La hasha! Walikaa katika vikundi, wakaongozwa na viongozi waliofunzwa, wakasoma vitabu vya kampeni, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Redio ilikuwa chombo; mwalimu alikuwa umoja wao.

Linganisha na mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia mwezi Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Masomo yalirushwa kwa redio na televisheni. Lakini mtoto aliyekwama hakuwa na wa kumwuliza, na mtangazaji hakuweza kuuona uso wa asiyeelewa. Hata Sweden, nchi tajiri iliyotangulia katika vifaa hivi, mwaka 2023 ilitenga fedha za kurudisha vitabu vya karatasi darasani.

Sasa imekuja akili unde, ambayo humpa mwanafunzi insha nzima kabla hajahangaika na sentensi ya kwanza. Mwalimu Nyerere, alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alidai shule ijenge akili yenye kudadisi. Kunakili kutoka kwenye kioo si kudadisi. Ni ukasuku ule ule wa kukariri, umevishwa nguo mpya.

Tena, mtoto wa Mbinga ana haki ya kujikuta ndani ya somo. Wamatengo wamelima ngolo milimani kwa vizazi vingi, wakichimba mashimo yanayozuia udongo usichukuliwe na mvua. Hiyo ni sayansi kamili. Kishikwambi kinachomwonyesha mtoto huyo mashamba ya ng'ambo tu, na kulinyamazia shamba la bibi yake, kinamfundisha kudharau kwao.

Basi yanayotakiwa ni dhahiri. Masomo yahifadhiwe ndani ya kifaa ili yasomeke hata pasipo intaneti. Yatungwe kwa Kiswahili fasaha, na walimu wa vijijini washiriki kuyatunga. Gharama za intaneti na matengenezo ziingizwe katika bajeti ya shule. Mafunzo yamfikie mwalimu kabla ya kifaa kumfikia. Nao wazazi, katika mikutano yao ya kijiji, wasiridhike kuelezwa idadi ya vifaa vilivyopokelewa. Waulize ni watoto wangapi wanaojua leo jambo ambalo mwaka jana hawakulijua.

Jembe halijapata kulima peke yake. Anayepeleka majembe na kumsahau mkulima asishangae msimu wa mavuno utakapofika ghala likiwa tupu.