Somalia: Baada ya Deni Kufutwa, Kipangwe Nini?

Desemba 2023 Somalia ilikamilisha masharti ya mpango wa kusamehewa madeni unaosimamiwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, ikaondolewa mzigo wa takriban dola bilioni 4.5. Machi 2024 ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo habari ya Somalia si ya jirani tena. Ni ya ndani ya nyumba yetu.

Tujiulize basi: misaada iliyomiminwa huko tangu serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991 imejenga nini? Hapana shaka imeokoa roho nyingi. Lakini aghalabu ilikuwa misaada ya dharura: chakula, mahema na dawa, ikipitia mikononi mwa mashirika ya nje na kupangwa kwa miezi, si kwa miaka. Matokeo yake yalionekana katika njaa ya 2010 hadi 2012, iliyoua watu wanaokadiriwa kuwa 258,000, zaidi ya nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Tahadhari zilitolewa mapema. Fedha nyingi zikaja baada ya njaa kutangazwa rasmi Julai 2011, makaburi yakiwa yamekwisha kuchimbwa.

Ahadi kubwa hazikukosekana. Septemba 2013, mjini Brussels, wafadhili waliahidi euro bilioni 1.8. Ila mwalimu anayelipwa na mradi huondoka mradi unapokwisha, na kisima kisicho na fundi wa kukitengeneza hurudi kuwa shimo.

Wapo wasemao kuwa hazina ya Mogadishu inavuja, hivyo fedha zisipitishwe humo. Hofu hiyo ina msingi. Lakini hazina isiyopitiwa na fedha haitajifunza kuzitunza, wala raia hawatapata wa kumdai hesabu. Dawa ni ukaguzi ulio wazi na mishahara inayolipwa kwa utaratibu, si kuikwepa dola milele.

Pili, mipango ianzie kwenye riziki ambayo watu tayari wanayo. Mwaka 2000 Saudi Arabia ilizuia mifugo ya Pembe ya Afrika kwa hofu ya homa ya Bonde la Ufa, na zuio hilo likadumu hadi 2009. Soko linalowategemeza wafugaji, hasa msimu wa Hija, lilifungwa kwa sababu ya ugonjwa. Madaktari wa mifugo, chanjo na vyeti vya afya vinavyoaminika vingelinda riziki hiyo kuliko magunia ya msaada.

Muda wa kuchelewa umekwisha. Julai 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa, na ilidhihirika kuwa fadhila ya mgeni hukatwa bila kumshauri mwenyeji. Deni lililosamehewa ni amana. Tunawasihi viongozi wa Somalia na wa Jumuiya yetu waipangie kazi kabla ukame mwingine haujaipangia matumizi.