Na Hatua Zao Tuziandike

Mtoto akilazwa kwa saratani, faili lake hujaa namba: uzito, joto la mwili, wingi wa damu, chembe sahani. Hatua alizotembea siku hiyo mara nyingi haziandikwi. Wazazi wenzangu, wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia, naomba namba hiyo nayo ipate mstari wake.

Huruma yetu ina madhara. Dripu ikishatundikwa tunasema, "Lala mwanangu, pumzika," naye hulala wiki nenda wiki rudi. Dawa nazo zina yake. Vincristine, inayotumika sana kutibu saratani ya damu na ile ya Burkitt, huumiza neva za miguu. Prednisolone hudhoofisha misuli na mifupa. Mtoto anaanza kuburuta vidole, anashindwa kutembea kwa visigino, na nyumbani tunasema ni uchovu tu. Daftari lingetushtua mapema.

Kupima hakuhitaji mashine ya bei. Jaribio la dakika sita linataka korido tambarare ya mita 30, saa, na mtu wa kuhesabu mizunguko. Mtoto hutembea kwa mwendo anaoumudu, akichoka husimama, kisha mita alizofikisha zinaandikwa. Simu pia huhesabu hatua, ila aifunge kiunoni. Anayesukuma stendi ya dripu mkono wake hautikisiki sana, kwa hiyo kifaa kinachovaliwa mkononi kinaweza kuonyesha kwamba ametulia, kumbe kamaliza korido nzima! Wa kiti cha magurudumu mwandikieni dakika alizokaa nje ya kitanda.

Mlinganisheni na hali yake ya wiki iliyopita. Zile dakika 60 za mazoezi kwa siku ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wenye miaka 5 hadi 17 msimdai aliyetapika usiku kucha. Akiwa na homa, au chembe sahani zikishuka, aulizwe daktari kwanza. Wala msimgombeze kwa namba ndogo. Hiyo ndiyo inayomwita mtaalamu.

Basi wazazi, iwe hospitali ya Muhimbili, Bugando au KCMC, njooni kliniki ijayo na daftari: tarehe, dakika alizotembea, mara alizojikwaa. Daktari alione kabla dawa haijaanza. Kijana mkubwa apewe kalamu ajiandikie, maana amechoka kupimwa na wengine kila asubuhi. Nanyi mnaopeleka maziwa na sabuni wodini, ongezeni utepe wa kupimia na rangi, kisha ombeni ruhusa ya kuchora alama za mita kwenye sakafu ya korido.