Mwambie Daktari Dawa Unayokunywa

Ndugu msomaji wa Asembo Bay, ukiambiwa uende Kisumu kupasuliwa, usiifiche habari ya chupa yako ya mwarobaini. Sisemi dawa za miti ni mbaya. Hata mimi nanywa. Lakini kitunguu saumu kinacholiwa kwa wingi kama dawa huchelewesha damu kuganda, na mwarobaini waweza kupunguza sukari mwilini wakati mgonjwa yu katika nusukaputi, naye hawezi kusema anaona kizunguzungu. Madaktari wa nusukaputi wa Marekani hushauri dawa za miti ziachwe majuma 2 kabla ya kupasuliwa. Wauguzi wengine huwacheka wazee wanaozitaja. Hilo ni kosa, maana mzee akichekwa hunyamaza. Wewe sema tu. Kama hujui jina la mti, chukua gome lenyewe ukamwonyeshe. Dawa za hospitali usiziache mpaka uambiwe.